Mwalimu wa Wanaoanza

Mazungumzo yaliyotolewa Manyoni katika maadhimisho ya kuanzishwa kwa hekalu



Kamati iliponiomba nizungumze iliniachia nichague mada. Sikuhangaika kuitafuta, kwa kuwa kwa muda sasa vijana wa mji huu wamekuwa wakinijia, mmoja mmoja, na swali lile lile: "Mwalimu, nifanye nini ili nami niwe mwalimu wa yoga?" Baadhi yao ni watoto wa jumuiya yetu. Walio wengi si wa jumuiya yetu. Ni watoto wa Kigogo, wa Kinyaturu, wa Kikimbu na wa Kisukuma, waliokuwa wakipita dirishani asubuhi, wakasimama kutazama, hatimaye wakaingia. Hawaombi kuwa magwiji. Wanaomba ngazi ya kwanza kabisa, ile inayomruhusu mtu kumfundisha anayeanza. Jibu fupi ninalo, lakini jibu fupi lingewadanganya, nao ni vijana wanaostahili kujibiwa kwa ukamilifu.

Nianze na neno lenyewe. Yoga latokana na mzizi wa Kisanskriti, yuj, wenye maana ya kufunga pamoja, kama wafungwavyo ng'ombe wawili chini ya nira moja. Hapa Manyoni sina haja ya kueleza zaidi. Kila mkulima wa mtama au alizeti anayelima kwa plau anajua kwamba maksai mgeni hafungwi nira na mgeni mwenziwe. Hufungwa na mzoefu, akatembezwa kwanza bila plau, akafundishwa kugeuka na kusimama, na siku ya kwanza ya kulima hapewi shamba zima. Karibu yote nitakayosema leo kuhusu mafunzo ya mwalimu yamo katika desturi hiyo ya wakulima wetu.

Dunia ya leo imezoea idadi moja: saa 200. Shirika la Marekani liitwalo Yoga Alliance, lililoanzishwa mwaka 1999, humwandikisha mwalimu wa ngazi ya kwanza akishamaliza saa 200 za mafunzo katika shule inayotambuliwa nalo. Nchini India, bodi ya vyeti vya yoga iliyo chini ya Wizara ya AYUSH, wizara inayosimamia tiba na elimu za jadi, ina ngazi zake kadhaa, na mwalimu wa ngazi ya awali naye hupimwa kwa saa hizo 200. Tupige hesabu. Mtu akisoma saa nane kwa siku, saa 200 ni siku 25. Ndiyo maana kozi nyingi zinazotangazwa Rishikesh, Goa na katika hoteli za ufukweni humalizika katika muda usiozidi mwezi mmoja. Mwalimu wa shule ya msingi nchini kwetu, ninayemfahamu kwa kuwa ndiyo kazi yangu, alisomea cheti chake miaka miwili kabla ya kukabidhiwa chaki.

Sisemi haya ili kuzidharau saa 200. Zina mambo mengi ya lazima: mikao na namna ya kuielekeza, pumzi, viungo vya mwili na kazi zake, historia na falsafa, maadili ya mwalimu, na mazoezi ya kufundisha mbele ya wenzako. Ninachosema ni kwamba saa hizo ni mlango. Kijana anayezichukua kuwa ndiyo nyumba atajikuta amesimama barazani na cheti mkononi, na mama mwenye shinikizo la damu mbele yake akimwuliza, "Mwanangu, na mimi niiname?"

Yuko mmoja ambaye historia yake hupenda kuwasimulia vijana hawa. B.K.S. Iyengar alizaliwa mwaka 1918 katika kijiji cha Bellur, Karnataka, mwaka wa homa kuu ya mafua. Utoto wake ulijaa malaria, homa ya matumbo na kifua kikuu. Alikuwa mtoto dhaifu ambaye wengi hawakumtumainia. Shemeji yake, mume wa dada yake, alikuwa Tirumalai Krishnamacharya, aliyefundisha yoga katika kasri la Mysore, naye ndiye aliyemfundisha. Mwaka 1937, Iyengar akiwa na umri wa miaka 18, alitumwa Pune akafundishe. Alikuwa mwanafunzi wa miaka michache tu, na miongoni mwa aliopewa kuwafundisha walikuwamo vijana wenye nguvu kumzidi. Basi akawa anafanya mazoezi saa nyingi peke yake ili aelewe katika mwili wake mwenyewe jambo ambalo kesho angemwambia mtu mwingine alifanye. Alifundisha hadi uzeeni, akafariki mwaka 2014 akiwa na umri wa miaka 95. Kwa hiyo si kweli kwamba zamani kila mwalimu alikomaa kwanza ndipo akafundisha. Iyengar alianza akiwa mbichi. Lakini alijua kuwa ni mbichi, na ujuzi huo ndio uliomfanya awe mwangalifu.

Ni yeye pia aliyeeneza matumizi ya vifaa vya kumsaidia asiyeweza kufika: matofali ya mbao, mikanda, mablanketi, viti. Vijana wakiona picha za vifaa hivyo huuliza vinauzwa wapi na kwa bei gani. Havihitaji kununuliwa. Kanga iliyokunjwa ni mkanda. Kigoda ni kigoda. Kiti cha plastiki kinachokodishwa kwa sherehe kinatosha kumfundisha babu wa miaka 75 darasa zima, kuanzia shingo hadi kifundo cha mguu, bila yeye kugusa sakafu hata mara moja.

Sasa niingie katika kiini, yaani mwalimu wa wanaoanza anapaswa kujua nini hasa. Wengi hudhani kwamba darasa la wanaoanza ndilo jepesi, kwa hiyo apewe mwalimu mchanga. Ni dhana ile ile inayotufanya tumpeleke mwalimu mgeni darasa la kwanza shuleni na kumwekea mkongwe darasa la saba. Aliyezoea mazoezi anajijua. Ukimkosea atakuambia, au atajirekebisha mwenyewe. Anayeanza hajui maumivu yapi ni ya kawaida na yapi ni onyo. Anakuamini. Ukimwambia ashike pumzi, atashika hadi aone giza.

Kwa hiyo somo la kwanza ni kuona. Si kuonyesha mkao. Ni kumwona mtu. Na hapa mwalimu aliyekulia Manyoni ana faida ambayo kozi ya Rishikesh haiwezi kumpa, mradi aitumie. Mama anayebeba ndoo ya maji kichwani tangu utotoni anasimama vizuri kuliko picha yoyote ya kitabuni: shingo ndefu, mabega chini, uzito umegawanyika sawa juu ya nyayo. Huo ni mkao wa mlima, Tadasana, nao ni wa kwanza kufundishwa. Mwalimu mwerevu hatamfundisha mama huyo kusimama. Atamwambia, "Simama kama una ndoo," na wengine watamtazama. Wazee wetu huchuchumaa robo saa wakizungumza, nyayo zote chini, jambo ambalo mzoefu wa kukaa kwenye viti hulitafuta kwa miezi. Na mkulima wa jembe la mkono huweza kuinama akagusa ardhi kwa viganja bila kukunja magoti. Mwalimu asiyeona atashangilia, atamwinamisha zaidi. Lakini mgongo wa mtu huyu umeinama msimu mzima wa kilimo, tangu mvua za mwisho wa mwaka! Unachohitaji ni kinyume chake: kulala kifudifudi na kuinua kifua taratibu, kufungua mabega, kisha kulala chali magoti yakiwa yamekunjwa ili kiuno kipumzike. Dereva wa lori anayelala hapa akitoka Dar es Salaam kwenda Mwanza ana shida nyingine kabisa; misuli ya nyuma ya mapaja yake imekaza kama kamba, na ukimlazimisha aguse vidole vya miguu atauvunja mgongo wake kabla paja halijalegea. Fundi cherehani ana mabega. Mwendesha bodaboda ana viganja na kiuno. Hakuna kitabu kimoja cha watu wote hawa, na ndiyo maana nasema mafunzo halisi huanza baada ya cheti.

Somo la pili ni kujua pa kukataa. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 kuhusu viashiria vya magonjwa yasiyoambukiza ulionyesha kwamba takribani robo ya Watanzania wenye umri wa miaka 25 hadi 64 walikuwa na shinikizo la juu la damu, na wengi wa wenye hali hiyo huwa hawajijui. Maana yake ni kwamba katika ukumbi wenye watu ishirini, mwalimu achukulie kuwa watano wanayo. Basi darasa la wanaoanza lisiwe na kusimama kwa kichwa, wala kusimama kwa mabega, wala kushika pumzi kwa muda mrefu. Pumzi za kasi za kusukuma tumbo, Kapalabhati, hazimfai mjamzito, mwenye ugonjwa wa moyo, mwenye shinikizo la damu wala mwenye ngiri. Mwenye presha ya macho asiinamishe kichwa chini ya moyo. Mjamzito asilale kifudifudi wala asijisokote tumbo. Mwenye kisukari anayetumia dawa asifanye mazoezi akiwa na njaa, ijapokuwa wengine wote tunawaambia wakae saa mbili au tatu baada ya chakula. Na ule mkao wa kupachika nyayo juu ya mapaja, unaoonekana katika kila picha, mzunguko wake hutoka nyongani. Asiyefunguka nyonga akiulazimisha, goti ndilo litakalolipa.

Kijana mmoja aliwahi kuniambia, "Mwalimu, nikikataa kila kitu watasema sijui." Nilimjibu kwamba daktari huheshimiwa pia kwa dawa asizotoa. Ikitokea siku moja mtu mzima akaanguka katika darasa la yoga hapa Manyoni, habari itafika Itigi kabla ya jua kuzama, na mlango huu hautafunguka tena kwa miaka mingi.

Somo la tatu sijaliona likitajwa katika mtaala wowote, nalo kwa maoni yangu ndilo gumu kuliko yote kwa mwalimu wa Kitanzania: lugha. Atasomeshwa kwa Kiingereza, pamoja na majina ya Kisanskriti, kisha atarudi kufundisha kwa Kiswahili watu ambao wengine wanawaza kwa Kigogo. Hapo ndipo aliyejifunza kwa kukariri hukwama.

Tazameni mfano. Mkao wa mwisho wa darasa, ambao mtu hulala chali akatulia kabisa, kwa Kisanskriti ni Shavasana, yaani mkao wa maiti. Mwalimu atakayemwambia bibi wa Kilimatinde, "Bibi, sasa lala kama maiti," ajiandae kumsindikiza mlangoni. Kwetu hilo si neno la kuchezewa, tena kwa mtu mzima. Mimi husema "tujilaze tupumzike," na mwili hutulia vile vile. Uko mwingine maarufu, wa kuinua nyonga juu na kuinamisha kichwa, ambao jina lake humtaja mbwa. Kwetu mtu haambiwi akae kama mbwa, hata kwa utani, na kwa wengi wa majirani zetu kuna sababu za dini pia. Uiteni mkao wa paa la nyumba. Umbo ni hilo hilo. Mkao wa mti, Vrikshasana, wenyewe haukuhitaji kubadilishwa. Nilisema tu "mbuyu", na kila mtu akajua kwamba shina lazima liwe nene na mizizi ishike kabla matawi hayajainuka.

Kuna pia suala la amri. Kiingereza cha kozi hujaa maagizo mafupi: kaa, inua, geuka. Ukiyatafsiri neno kwa neno, kijana wa miaka 22 atakuwa anamwamrisha mkwewe. Kiswahili kinatupa njia iliyo bora: "tukae," "tuinue mkono wa kulia," "mama, tukiweza, tugeuke kidogo." Ile "tu" humweka mwalimu ndani ya darasa pamoja na wanafunzi wake, nayo ni ya kweli zaidi. Vilevile, usiseme "bana pumzi". Ukimwambia mtu mzima "vuta pumzi" tu, mara nyingi atainua mabega na kuvuta tumbo ndani. Mwambie aweke kiganja juu ya kitovu, auache mkono uinuliwe na pumzi, kisha ushuke. Na mwalimu anayewaelekea wanafunzi ajizoeze kuinua mkono wa kushoto huku akitamka "kulia", kwa maana wao wanamtazama kama kioo. Jambo dogo, huchukua wiki kadhaa kulizoea.

Kuhusu kumgusa mwanafunzi ili kumrekebisha, nitasema kwa kifupi: usimguse. Katika miji mingine kuna taratibu za kuomba idhini, nazo ni nzuri. Hapa kwetu, mwalimu wa ngazi ya awali atumie mdomo na mfano. Asiyeweza kumrekebisha mtu kwa maneno bado hajauelewa mkao. Mavazi nayo yasimfukuze mtu: suruali pana, dera, kanga juu ya suruali, ushungi, vyote vinafaa. Na kwa kuwa tupo uwandani palipoinuka, mwezi wa Juni asubuhi saruji ni baridi na vumbi ni jingi. Sakafu ifagiliwe na kunyunyiziwa maji mapema kwa ajili ya wenye pumu, majamvi yatandikwe, na mwili upashwe moto muda mrefu kidogo kuliko vitabu vinavyoelekeza.

Nafika sasa kwenye swali ambalo wazee wamelizungukia kwa heshima tangu asubuhi. Je, yoga ni ibada? Majirani wakiwaleta watoto wao hapa, tunawavuta kwenye dini yetu?

Wako walimu wanaojibu kwamba yoga haihusiani na dini hata kidogo, kwamba ni mazoezi ya viungo basi. Naelewa kwa nini wanasema hivyo, lakini sikubaliani nao, na kulisema hilo ndani ya ua wa hekalu kungekuwa utovu wa adabu kwa wenyeji wetu. Yoga imetoka katika dharma na elimu za India. Sutra za Patanjali, ambazo hazifiki 200, zinaweka viungo vinane: miiko, nidhamu, mkao, pumzi, kuzituliza hisi, kuikusanya akili, kutafakari, na utulivu ulio kamili. Katika kitabu chote hicho mkao umetengewa sutra tatu tu. Yaani hayo tunayoyaona kwenye mabango, ya miguu hewani, ni sehemu ndogo sana ya jengo, na miiko ya kutodhuru na kusema kweli imetangulia mbele yake. Mwalimu akifundishwa hayo hana haja ya kuficha asili.

Lakini kutokuficha si kulazimisha. Umoja wa Mataifa ulipopitisha tarehe 11 Desemba 2014 azimio la kuifanya Juni 21 kuwa Siku ya Kimataifa ya Yoga, India yenyewe ilikabiliwa na swali hili mara moja. Katika maandalizi ya siku ya kwanza, Juni 2015, baadhi ya jumuiya za Kiislamu zilipinga mfululizo wa mikao uitwao Surya Namaskar, kwa kuwa jina lake ni salamu kwa jua. Serikali iliuondoa katika utaratibu wa siku hiyo, na yoga haikupungua. Mwaka 2009 baraza la maulamaa la Indonesia lilitenganisha mambo mawili: yoga yenye mantra na ibada walikatazwa Waislamu, na mazoezi matupu yakaruhusiwa. Mwaka 2016, katika kikao kilichofanyika Addis Ababa, UNESCO iliiandikisha yoga katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu. Mwaka 2017 Saudi Arabia iliitambua kuwa shughuli ya michezo. Mataifa haya hayakuambiana uongo. Kila moja lilitazama likasema lipi linaingia kwake na lipi linabaki mlangoni.

Hivyo ndivyo ninavyomfundisha mwalimu mchanga afanye. Kabla ya darasa la kwanza awaambie watu waziwazi: haya yametoka India, kwa Wahindu, katika darasa hili hakuna atakayetakiwa kuimba mantra wala kuinamia chochote, mwanzoni tutakaa kimya dakika mbili, na katika kimya hicho kila mtu yuko na Mola wake. Aliye na mashaka akamwulize kwanza shehe wake au padri wake. Nimeona kwamba mtu akiruhusiwa kwenda kuuliza, mara nyingi hurudi. Na asiporudi, amebaki kuwa jirani mwema.

Wazee wangu, niruhusuni niseme jambo ambalo si la wageni, ni la nyumbani, ingawa nalisema mbele yao. Sisi tuliletwa huku bara na reli. Wajerumani walianza kuijenga Dar es Salaam mwaka 1905, wakafika Kigoma mwaka 1914, na kwenye stesheni nyingi za njiani palifunguliwa duka, na nyuma ya duka pakawekwa picha na taa. Baada ya Azimio la Arusha, na hasa baada ya sheria ya mwaka 1971 ya kutaifisha majengo, familia nyingi za Kihindi ziliiacha miji midogo. Watoto wetu wako Dar es Salaam, Leicester, Toronto. Wakija likizo tunawapika, tunawaombea, kisha tunawasindikiza. Mwalimu wa yoga wa Manyoni wa miaka ishirini ijayo hatatoka kwao. Atatoka miongoni mwa wale vijana waliosimama dirishani.

Kuna wanaoona uchungu kwa hilo, kana kwamba mali ya nyumba inatoka nje. Ninawaomba watazame Nairobi. Tangu mwaka 2007 shirika la Africa Yoga Project, lililoanzishwa na Mmarekani Paige Elenson, limewafunza vijana wa mitaa ya mabanda kuwa walimu, nao wakarudi kufundisha bure katika mitaa hiyo hiyo. Mtu anaweza kuwa na maoni yake kuhusu staili wanayoifundisha. Mimi naiona ya kasi mno kwa watu wangu wa jembe. Lakini wameonyesha jambo lililo wazi: anayefundisha watu wa mtaa wake huaminiwa, na huulizwa maswali ambayo mgeni haulizwi. Dar es Salaam nako, Kituo cha Utamaduni cha Swami Vivekananda kilicho chini ya ubalozi wa India kimekuwa kikitoa madarasa ya yoga kwa watu wote, wala si kwa wenye asili ya India peke yao.

Basi kijana aliyeniuliza swali, hili ndilo jibu lako. Hudhuria mwaka mzima kabla hujafikiria cheti. Mwaka mmoja wenye misimu yote, wa kilimo na wa kiangazi, ili ujue mwili wako ukichoka unakuwaje. Katika mwaka huo jifunze huduma ya kwanza, na ujifunze kupima shinikizo la damu. Kuna wauguzi watakaokuelekeza ukiwaomba kwa adabu. Kisha nenda kozi ya saa 200, na uchague shule ambayo itakufanya ufundishe na kukosolewa, si ile inayokuahidi picha nzuri ufukweni. Ada za kozi nyingi hutajwa kwa dola, na hilo silifichi, ni mzigo. Ukirudi, usianze darasa lako. Kaa miezi sita pembeni mwa mzoefu. Ongoza dakika tano za mwanzo, kisha kumi, kisha mapumziko ya mwisho, ambayo ndiyo magumu kwa sababu ni lazima unyamaze. Wako watakaoniambia kwamba wenzao wamepata kazi katika hoteli za Zanzibar na Arusha mwezi ule ule waliopata cheti. Ni kweli, na mtalii mwenye afya njema aliyezoea mazoezi kwao hatadhurika sana nao. Anayetaka kwenda huko aende kwa baraka zetu. Bibi wa Manyoni ana haki ya kupata mwalimu aliyefungwa nira na mzoefu.

Na kwa wadhamini nina maombi mawili. Ukumbi huu ufunguliwe kila Jumamosi asubuhi kwa wanafunzi-walimu bila malipo, wawe wa jumuiya au wasiwe. Na mfuko wa maadhimisho haya, baada ya rangi na paa, utenge kiasi cha kumsaidia walau kijana mmoja ada, kwa sharti kwamba arudi afundishe hapa miaka miwili. Sharti hilo liandikwe. Achaguliwe kwa mahudhurio yake, na jina la ukoo lisiulizwe.

Wakati umekwenda, na chai iko tayari. Baada ya chai yatatandikwa majamvi upande wa mashariki, na viti kumi na viwili vimepangwa nyuma kwa wazee na kwa yeyote anayependelea kiti. Mwenye presha, mjamzito, na aliyefanyiwa upasuaji karibuni aniambie sikioni kabla hatujaanza. Darasa litaongozwa na mmoja wa vijana niliowataja, kwa dakika kumi na tano. Mimi nitakaa nyuma. Walioshiba sana wasubiri darasa la saa kumi na moja jioni.